Aliyemvuta Priscah

Nyaguthii, mama mpole wa mtaa wa Huruma, ndiye aliyemfundisha Jerop kazi ya mashine ya kusokota nyuzi. Baadaye mashine hiyohiyo ilimvuta Nyaguthii mkono, akafa. Kampuni ikampa Jerop nafasi yake ya kufundisha wafanyakazi wapya.

Asubuhi moja, mwanafunzi wake Priscah alinyoosha kidole kunasua uzi mashine ikizunguka. Jerop, aliyekuwa mbali, alianza kukimbilia swichi lakini hangeifikia kwa wakati. Ghafla Priscah akaanguka nyuma sakafuni, mzima.

“Ni mama gani amenivuta koti?” aliuliza.

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Jerop alizima mashine, akamwinua.

“Ni mwenye alinifundisha,” alijibu.

Tangu hapo hafundishi mashine ikiwaka, na bado anaogopa kugeuka nyuma.