Kufuli kwenye Mfereji

Nilisoma mita za maji Kitale kwa miaka saba kabla sijahamishiwa Bungoma. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unainama, unapangusa kioo cha mita, unanakili tarakimu, kisha unafunga lango la watu vizuri ili kuku wasitoke. Kilichonisumbua ni karatasi ya onyo la kukatiwa maji. Nilijifunza kuichomeka mlangoni na kuondoka haraka, kabla mwenye nyumba hajatokea na kunieleza shida zake.

Kuna nyumba moja niliyoiachia onyo mara mbili. Alikaa humo mjane aliyefulia watu nguo, watoto wake wawili wa shule, na mama yake mzazi, ambaye mjane alimleta kutoka kijijini Myanga baada ya kuona ameanza kusahausahau mambo. Bili yao ilipanda kila mwezi, nami sikuuliza kwa nini. Nilidhani ni zile nguo.

Mara ya tatu ilikuwa Januari, jua kali, mashambani yamebaki mabua tu. Nilimkuta mjane uani. Kwenye mfereji wao palining'inia kufuli kubwa kama la kufungia duka.

"Ni mama," aliniambia kwa sauti ya chini. "Anafungua maji halafu anasahau. Nimesema mpaka nimechoka. Sasa ufunguo natembea nao."

"Na bili imeshuka?"

"Wapi! Si imezidi tu. Hata sielewi, bana."

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, na kila neno alilisikia. Mimi ni wa Kabuchai, na lugha yetu na ya Myanga ni moja, kwa hivyo nilimwamkia kwa lugha ya nyumbani: "Mulembe, kukhu," yaani salama, bibi. Aliitikia huku akitazama miguu yake. Kisha akasema, kama anayeomba radhi, "Ningekupikia chai, mwanangu, lakini siku hizi mimi sigusi maji."

Nilienda kwenye mita ili nisimtazame. Kwenye kioo kuna kigurudumu kidogo chekundu ambacho huzunguka maji yanapopita. Mfereji ulikuwa na kufuli, na ndani ya nyumba hapakuwa na mfereji mwingine. Kigurudumu kilikuwa kinazunguka.

Nilimwita mjane. Alichutama kando yangu akatazama, akatazama mfereji, akarudi kutazama mita.

"Sasa hayo maji yanaenda wapi?"

Sikujua. Tulifuata njia ya bomba kutoka langoni, nikikanyagakanyaga udongo mkavu. Bibi akasema kutoka kwenye kigoda chake, "Kama mnatafuta maji, yako pale kwa nduma."

Kando ya ua palikuwa na kiduta cha nduma, majani mapana ya kijani kibichi, wakati huo ambapo hata nyasi zilikuwa zimekauka. Alikuwa amezipanda yeye mwenyewe. Mjane akamuuliza nani alizinyunyizia maji.

"Hakuna," bibi akasema. "Hapo udongo ni baridi tangu nije. Nilikwambia. Ukasema nimechanganyikiwa."

Nilimpigia simu fundi wa ofisini kwetu. Alikuja jioni baada ya kazi, akachimba bila kudai chochote. Bomba lilikuwa limepasuka chini ya ardhi, ufa mrefu kama kidole, na maji yalikuwa yakinywewa na udongo mchana na usiku. Mjane alisimama ukingoni mwa shimo akiwa amefunika mdomo kwa leso. Fundi alipomaliza kuliziba, mjane alisogea kwenye mfereji. Alitoa ufunguo kifuani, akafungua kufuli, akajaza sufuria kubwa na kuiweka jikoni. Maji yalipopata moto, alimwongoza mama yake hadi bafu ya mabati nyuma ya nyumba. Mimi na fundi tulikuwa tukifukia shimo tukasikia maji yakimwagwa, halafu mjane akilia, na bibi akimwambia, "Nyamaza. Sugua hapo juu kidogo."

Lakini bili ilikuwa bado ipo, na bomba likishapita mita ni la mwenye nyumba. Hapo ndipo ninapoona haya ninapokumbuka. Ofisini kulikuwa na fomu ya kuwapunguzia watu wa kipato kidogo bili ya maji yaliyovuja bila wao kujua. Niliijua siku zote, lakini sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu haikuwa kazi yangu kusema. Safari hiyo niliijaza nikiwa nimeketi uani kwao, fundi akaandika barua, na kesho yake tukaenda kaunta pamoja na bibi, aliyekataa katakata kubaki nyumbani.

Karani alipouliza ni nani alikuwa akiyaacha maji wazi, mjane alijibu kabla mimi sijafungua mdomo: "Hakuna mtu. Lilikuwa bomba."

Sehemu kubwa ilifutwa. Iliyobaki walikubaliwa kulipa kidogo kidogo, na kina mama wa kanisa lao wakamsaidia miezi miwili ya kwanza. Iliisha kabla ya Krismasi. Tangu hapo nilibeba zile fomu mkobani pamoja na maonyo, na nilikuwa nikibisha mlango kwanza.

Nilipohamia Bungoma, bibi alikuwa amerudi Myanga kwa kitinda mimba wake. Jumapili moja nilikwenda kumwona. Jina langu lilikuwa limempotea, lakini uso wangu aliukumbuka. Tulikaa jikoni akichochea moto. Nikamuuliza kama lile kufuli lilimuuma sana.

Alisukuma ukuni mmoja ndani ya meko.

"Kufuli hapana," akasema. "Ilifika mahali nikaanza kuamini ni mimi. Nilikuwa naamka kuangalia mikono yangu kama imeloa."

Kisha akachukua birika, akaniuliza kama naweka sukari.