Begi Jekundu kwenye Njia ya Karema

Niseme mapema ili tusisumbuane: hakuna aliyenituma kutembea kwa miguu kutoka Mpanda hadi Karema wakati wa masika. Nilijituma mwenyewe. Mwaka mmoja kabla, pikipiki ilikuwa imenivunja mguu, na tangu hapo kaka yangu, bodaboda wa Karema, akaamua kuwa mimi ni mzigo wa kubebwa. Alisema mbele ya mama na majirani, "Huyu safari zake sasa ni za chumbani hadi jikoni." Watu wakacheka. Mimi nilinunua begi kubwa la mgongoni mnadani, nikaapa kuwa safari hii nitaingia kwa mama kwa miguu yangu.

Siku ninayoikumbuka ni ya mwisho, ile ya kuteremkia ziwani. Asubuhi kulikuwa na joto zito, na matope ya mvua ya jana yaling'ang'ania viatu. Mguu ulikuwa unauma, nami nikauambia, "Uma tu, tunakwenda." Kaka akapiga simu.

"Uko wapi nikufuate?"

"Barabarani."

"Barabarani wapi?"

"Kwenye matope," nikamjibu, nikakata.

Mchana wingu likapanda kutoka upande wa ziwa, jeusi tii, na mvua ikashuka yote kwa mkupuo. Radi zikaanza. Kando ya njia palikuwa na boma la wafugaji, Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, nikalikimbilia kwa mbio zangu za kuchechemea. Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni, kajitanda kaniki, lile shuka jeusi, akanyoosha mkono kunizuia.

"Karibu mwanangu, ingia. Ila hilo begi libaki huko huko."

"Kwa nini, mama?"

"Si jekundu hilo? Husikii radi inavyotafuta?"

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nyumbani kwetu, radi ikianza tu, mama hufunika kioo na kutuvua chochote chekundu. Nimekua hivyo. Halafu mimi huyo huyo, kati ya mabegi yote ya mnadani, nikachagua jekundu kuliko yote na kulivaa mgongoni msimu wa radi. Lakini nguo kavu zilikuwa humo, na dawa ya mguu, na nilikuwa nimechoka na kila mtu aliyeniwekea masharti tangu nivunjike.

"Likibaki nje, na mimi nabaki nje," nikasema.

Nikakaa pale upenuni. Maji ya bati yalinipiga magotini, nami nikatazama mbele kwa kiburi cha kijinga. Radi ikapiga karibu mno, ng'ombe wakarukaruka zizini. Niliogopa, tena sana, lakini sikuinuka. Nyuma yangu mlango ukafungwa, nikajua ameniacha.

Ukafunguliwa tena. Akatoka na kaniki nyingine, akanigeuza kwa bega, akalizungushia begi na kulikaza vizuri, kama anavyofungwa mtoto mgongoni.

"Sasa ni jeusi. Ingia, mbishi wewe!"

Ndani alinipa ugali na maziwa ya mgando, akauliza kwa nini natembea na pikipiki zimejaa. Nikamweleza habari za mguu na maneno ya kaka. Hakunionea huruma, na nilimpenda kwa hilo.

"Basi usipande," akasema. "Ukipanda hata hatua mbili, watasema ulipanda njia nzima. Na hiyo kaniki nenda nayo, utairudisha ukipita."

"Nitapita kwa miguu."

"Sasa ulidhani nitakuruhusu upite na nini?"

Jioni, mvua ikiwa manyunyu, ziwa likaonekana chini. Kaka naye huyo, anapanda mlima na pikipiki yake, matope hadi masikioni.

"Panda."

"Sipandi."

"Dada, giza linaingia, mama ana wasiwasi! Panda basi!"

"Mwambie mama niko njiani."

Nikampita. Akageuza pikipiki anifuate, lakini mteremko ulikuwa utelezi mtupu. Tairi la nyuma likakimbilia pembeni, akaanguka taratibu kwenye matope, pwaa! Nikasimama mpaka nilipoona amenyanyuka mzima, kisha nikaendelea. Akajaribu tena, akateleza tena, akatukana, akazima injini. Alipoanza kuikokota kwa mikono nilikuwa mbele, mguu unawaka moto, begi langu jeusi limenikaa barabara.

Tulipokaribia nyumba za kwanza, watu wakiwa vibarazani wanatutazama, nikamsikia nyuma yangu akihema.

"Dada," akasema, "punguza mwendo kidogo."

Sikupunguza.