Mvua Iko kwa Dativa

Jirani yangu hapa Mkula haonyeshi kitu kwa kidole. Ananyoosha kidevu tu, kwa sababu mikono yake haina nafasi: ama imeshika reki ya mbao, ama inakaza kanga kiunoni. Wakati wa mavuno anashinda kwenye turubai lake, akigeuza mpunga na kutazama vile vilima vikavu ng'ambo ya barabara. Majina kavipa mwenyewe. Kimoja ni Jiko, kwa kuwa kinafuka ukungu kila asubuhi. Kingine ni Padri, kwa sababu ya upara. Mvua ikishuka huko anapaza ile sauti yake nene, "Iko kwa Padri!" na mtaa mzima unakimbilia kuanua mpunga. Kilima kidogo cha mwisho, kilichojitenga, alikuwa anakiita "kile" tu.

Mwaka jana tulimzika binti yetu, Dativa, akiwa na wiki tatu. Watu walitupa pole, kisha wakaacha kumtaja, wakidhani wanatupumzisha. Hata mimi na mke wangu tuliacha. Mwezi wa tano, nikiwa naosha pikipiki uani, nikaisikia sauti ile: "Anueni! Mvua iko kwa Dativa!" Nikamtazama. Akanyoosha kidevu kuelekea kile kilima kidogo, akaendelea kukunja turubai.

Sasa hata watoto wanakiita hivyo. Na msimu huu, wingu likitanda tu, mke wangu anatoka nje kabla ya wote, anakitazama kilima, halafu anaita yeye: "Iko kwa Dativa!"