Cucu wa Kiambere Alidai Salamu

Anayetaka kunicheka aanze sasa, amalize, halafu akae chini asikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, mjini Embu, nikiwa na akili zangu zote. Sikuwa nimelewa, sikuwa mgonjwa, wala sikuwa nimelala. Mchungaji wetu aliniambia niache kuyasimulia. Nimekataa.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na intaneti ilikuwa kitu kigeni kwetu. Mimi nilikuwa mpiga picha. Harusi na ubatizo vilinilisha, lakini roho yangu ilikuwa barabarani: leo Meru sokoni, kesho Kiambere kwenye bwawa, kamera begani, vumbi mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimechoka kuona kalenda za watalii zenye simba na pwani tu, ati sisi wa huku hatupo. Kwa hivyo Njeru, mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale mjini, aliponiambia anaweza kunitengenezea ukurasa wangu ulimwengu wote uone picha zangu, sikungoja aseme mara ya pili. Watu walisema nimepagawa. Nani atawasha kompyuta huko Ulaya atafute choroko, hizi ndengu zetu za Mbeere?

Waliwasha! Na picha waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya cucu mmoja wa Kiambere. Cucu ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu. Nilimkuta nje ya nyumba yake akipepeta ndengu, nikamwomba ruhusa, nikamweleza kwamba picha itaonekana mpaka ng'ambo. Akacheka. "Piga basi, mwanangu, kabla jua halijanimaliza." Akaikazia kamera macho, nikapiga.

Picha iliposafishwa nilimpelekea nakala yake, kama ninavyomfanyia kila mtu. Mwanawe ndiye aliyenipokea. Aliishika ile picha kwa mikono miwili, halafu akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi. Nililia, sikufichi.

Huko kwenye ukurasa wangu picha ilibaki, na barua pepe zikawa zinaingia. Kampuni moja ya ng'ambo inayoleta watalii, jina silitaji, iliandika kwamba inataka kunipa kazi ya kupiga picha Kenya nzima. Mimi! Tangu nishike kamera nilikuwa naota kazi kama hiyo. Wakasema picha ya yule mama ndiyo iliyowavuta.

Sasa siku hiyo Njeru alikuwa ametoka kununua mandazi, akaniachia saiba. Niko nimeinamia kompyuta, nikasikia kiti cha karibu kinavutwa. Kugeuka, ni yeye, cucu wa Kiambere. Leso ni ile ile ya kwenye picha, na sweta ni lile lile lililotoboka kiwiko. Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Ningekimbia na miguu ya nani?

"Mwanangu," akasema kwa Kimbeere, sauti ya mtu aliyechoka kabisa, "umenipeleka kwa watu gani? Wananiamsha usiku na mchana. Huyu ananifungua, ananikodolea macho, anaenda zake. Akitoka anaingia mwingine. Hakuna hata mmoja anayenisalimia. Nitoe huko nilale."

Niamini, niliogopa. Lakini hasira nayo ilinipanda, sijui hata ilitoka wapi.

"Cucu, sikutoi," nikamwambia. "Nilikuomba, ukakubali. Nikikutoa, kazi yangu imekufa, na sisi wa huku turudi kuwa watu wasioonekana. Niambie kitu kingine. Hicho sifanyi."

Alinitazama, akanitazama. Nikajua hapa ndipo ninapofia. Halafu akashusha pumzi. "Basi wafundishe adabu. Anayetaka kuniona anisalimie kwanza, kama mtu aliyelelewa." Akainuka, akatoka mlangoni kama mteja yeyote.

Njeru akaingia papo hapo. "Yule cucu ni wa kwenu? Nimemwamkia hapo nje, akafurahi mpaka akanishika mkono. Lakini mkono baridi, wacha tu!"

Nilimwonyesha picha yake kwenye kompyuta, nikamwambia ameshazikwa. Mandazi yote yakaenda sakafuni.

"Tunaitoa hiyo picha sasa hivi!" akasema.

"Haitoki."

"Kwani wewe una kichwa cha aina gani?"

"Kigumu. Kaa uandike."

Nilimfanya aifiche picha nyuma ya maneno mawili, *Wimwega, cucu*. Chini yake tukaeleza kwa Kiswahili na Kiingereza kwamba hiyo ndiyo salamu ya kwetu, na kwamba mtu aitamke kwa sauti, kisha abonyeze, ndipo amwone. Tangu hapo hakunijia tena.

Lakini ile kampuni haikupenda. Waliandika kwamba wateja wao hawana muda wa michezo. Niondoe hayo maneno, la sivyo kazi hakuna. Wewe ungefanya nini? Kazi niliyoiota miaka yote! Nilizunguka mjini siku nzima nikiongea peke yangu, halafu nikarudi nikawajibu: maneno hayatoki, na huyu mama si simba wa kutazamwa kutoka kwenye gari. Wakaninyamazia.

Kumbe ile picha walikuwa wameiiba. Waliiweka kwenye ukurasa wao, kubwa, juu kabisa, bila salamu na bila jina langu. Niliwatukana mpaka Njeru akaziba masikio.

Halafu ikaja barua pepe nyingine, sasa yenye heshima tele. Kuna mama mzee anaingia ofisini kwetu, waliandika. Anakaa, anatutazama, anasema jambo kwa lugha tusiyoijua. Tumeitoa picha na bado anakuja. Tafadhali, anataka nini?

Nilijibu: anataka salamu, na mimi nataka jina langu. Hawakuandika tena.

Ile kazi sikuipata, na sijuti. Bado niko Embu, bado napiga harusi, na nikiwasha kompyuta naamkia kwa sauti, watoto wangu wacheke wanavyotaka. Ila picha ikishaibwa mara moja haina tena mwenyewe, na siku hizi nasikia iko kwenye simu za watu nisiowajua. Basi ukikutana kwenye simu yako na mama mzee anayepepeta ndengu, amekukazia macho, usipite tu. Msalimie kwa sauti, hata ukiwa katikati ya watu. Ukimpita kimya, mgeni ni wako, na mimi usiniandikie.