Dirisha la Chumba cha Yohana

Nikiwa mtoto wa umri wa kutumwa kisimani, enzi za Mwingereza, nyumba yetu kati ya Njombe na Makambako ilikuwa na kitu ambacho majirani walipita kukitazama baada ya ibada: dirisha la kioo. Wenzetu walikuwa na madirisha ya mbao. Ukifunga giza, ukifungua baridi. Baba alikuwa seremala, na kioo kile kilibaki walipomaliza kumjengea Mzungu mmoja nyumba. Alikibeba mgongoni kutwa nzima, amekifungia majani pande zote. Mama alimtania kwamba hata mimi sikuwahi kubebwa kwa adabu namna ile.

Masika yalipokolea, mdogo wangu Yohana, ambaye alikuwa hajaanza kutembea, alishikwa na kichomi. Mganga wa zahanati alimsikiliza kifua, akasema hana dawa ya kumtosha, apelekwe hospitali kwa gari. Gari lenyewe tulitoe wapi, hakusema. Aliongeza tu kwamba tumkinge na baridi na tumwangalie midomo, kwani ikibadilika rangi basi hali imekuwa mbaya. Alfajiri baba akapanda baiskeli kwenda Makambako kuomba lori lolote. Tulibaki wanawake watatu, kama mimi nilihesabika: mama, bibi mzaa baba, na mimi.

Kioo kilikuwa kimefifia kwa moshi na tope la mvua. Mama alikuja na maji ya moto, majivu na kitambaa.

"Mama Neema, unafanya nini?" bibi aliuliza, mtoto akiwa mapajani mwake.

"Naosha dirisha, mama. Simwoni mtoto midomo."

"Nyumba yenye mgonjwa haioshwi."

Hilo hata mimi nililijua. Kwetu nyumba ilioshwa mtu akishafariki, ili waombolezaji wapate pa kukaa. Kuiosha mgonjwa angali anapumua kulikuwa kuwakaribisha waje. Hata majivu ya jikoni hayakutolewa nje mpaka apone. Mama aliyajua hayo vizuri, lakini alikuwa amesoma shule ya wasichana ya misheni, tena alikuwa na kichwa kigumu, ambacho nimekirithi chote. Akasugua ndani, akatoka akasugua nje, mimi nimeshika bakuli. Kioo kikang'aa hadi ungedhani hakipo. Mwanga ukamfikia Yohana usoni.

"Unaona, Neema? Midomo bado iko vizuri," mama alisema, akatabasamu. Nilifurahi sana.

Hatujamwaga hata yale maji, njiwa pori akaja moja kwa moja akajipigiza kwenye kioo, puu! Akaanguka chini ya ukuta, shingo imevunjika. Yohana alishtuka, akatoa kilio chembamba.

Bibi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema polepole, "Mtoto ameshaitwa," akamvutia mtoto blanketi.

Nilimgeukia mama nikisubiri jibu, maana hakuwahi kukosa jibu kwa bibi. Safari hii alitoka nje kwenye mvua, akachota tope chini ya upenu, akaanza kulipaka dirisha kwa viganja vyote viwili. Mimi nilikuwa ndani. Niliuona uso wake nje ya kioo, kisha nusu ya uso, kisha sikuuona tena. Nilimwita, lakini mvua ilikuwa kubwa, hakunisikia.

Chumba kikawa giza. Mafuta ya taa yalikuwa yameisha, na mlango tuliufunga kwa ajili ya ile baridi. Mama alirudi, hakunawa, akampokea Yohana, tukakaa kusikiliza kama kuna lori.

"Neema, wewe una macho ya kitoto. Midomo ikoje?"

"Sioni, mama. Nifute kidogo tu pale pembeni?"

"Acha," bibi alisema.

"Acha, mwanangu," mama naye akasema. Nikaacha. Kila alipouliza tena, nilijibu vilevile, na niliogopa kuulizwa kuliko nilivyomwogopa njiwa.

Baba alirudi jioni akisukuma baiskeli, matope hadi magotini. Malori yalikuwapo Makambako, ila barabara haikupitika na hakuna dereva aliyekubali. Aliuliza mbona giza, akausukuma mlango ukafunguka wote. Hapo ndipo tulipomwona Yohana. Alikuwa ameshapoa, na mama alikuwa bado anambembeleza.

Bibi alisema alikuwa amemwonya mama, na majirani wote wakakubali kwamba onyo lilitimia. Mama hakubisha, wala hakulifuta lile dirisha. Mvua ililifuta yenyewe.

Sasa mimi mwenyewe ni bibi, na habari za njiwa sijui nizisemeje. Kichomi kiliua watoto msimu ule hata katika nyumba zisizo na kioo. Sikumlaumu bibi, na mama namwonea huruma hadi machozi: alifanya aliyofundishwa shuleni, akafanya aliyofundishwa ukweni, hakubakiwa na lingine la kufanya. Lakini Yohana alikuwa mikononi mwa mama yake, sisi tumemzunguka, na hakuna aliyemwona akienda. Hilo linaniuma mpaka leo.