Wati Ishirini na Tano za Injinia

Pale Kariakoo ninapouza vifaa vya umeme wananiita Injinia, na mimi, bila haya, huitika.

Juzi mama mmoja alishika ekstensheni akaniuliza, "Mwanangu, hii itabeba birika la wati elfu mbili?"

Muuzaji wa kawaida angejibu ndiyo, akauza. Mimi msomi nikasoma ubavuni: volti 250, ampea 10. Nikagawanya kwa sauti, ili na majirani wafaidike.

"Mama, hii mwisho wake wati ishirini na tano. Ukichomeka birika, umechoma nyumba!"

Nikairudisha rafuni, nikijipongeza kwa kuokoa familia nzima.

Mama akabonyeza simu yake. "Ukigawanya unapata ukinzani. Wati unazidisha. Ni elfu mbili na mia tano."

Nikatabasamu kwa huruma. "Mama, umeme niachie mimi."

Hapohapo, nyuma yangu, birika langu la chai likachemka, likajizima, tak! Mama akaufuata waya wa birika kwa macho mpaka kwenye ekstensheni, pacha wa ile niliyomnyima. Majirani nao wakaufuata.

"Samahani, Injinia," akasema, "hiyo chai umeichemsha kwa dua?"