Kichanja cha Matarumbeta

Bendi ya matarumbeta ya kigango kimoja pale Kawajense ilikuwa imekwenda kucheza harusini Kibaoni. Wakati wa kushusha vyombo, sanduku la tromboni lilifumuka kitako, na tromboni ikaanguka chini mbele ya wageni. Mchwa walikuwa wamelila sanduku kwa chini. Aliyeona aibu kuliko wote alikuwa Nyamizi, mpuliza besi, tarumbeta kubwa kuliko yote, na mtunza stoo wa bendi.

Mwenyekiti wa bendi, Cletus, alimwambia asubiri, fundi angekuja kutengeneza kichanja ili masanduku yasikae sakafuni. Miezi miwili ikapita, fundi hakuonekana. Nyamizi akaona asipofanya mwenyewe, mchwa watamaliza kazi yao.

Nyuma ya jiko lake kulikuwa na mizinga sita ya mbao aliyoiacha marehemu mumewe, Lyamba, aliyekuwa mfuga nyuki. Miaka minne mizima hakuwa amethubutu kuigusa. Jumatatu moja alikaa mbele yake kitambo, akaifuta vumbi, kisha akashika nyundo na kubomoa mitano. Wa sita alishindwa. Akaurudisha mahali pake.

Alipima masanduku kwa kamba, akipiga fundo kwa kila moja. Rafu ya chini ilitoka fupi kwa shibiri nzima kwa sababu alisahau mpini wa sanduku la besi, ikabidi aiunge. Miguu aliisimamisha ndani ya makopo ya oili chafu, mchwa wasipande. Ijumaa wanabendi wakakiingiza kichanja stoo. Cletus alikizunguka mara mbili akitafuta kasoro, akaishia kukiri kwamba kimenyooka.

Jumapili, siku ya sherehe ya kigango, Nyamizi alifungua mlango akasikia mvumo. Kundi la nyuki lilikuwa limeingia dirishani na kuning'inia chini ya rafu ya kati, kubwa kama kibuyu. Zile mbao zilikuwa bado zinanukia nta.

Wapigaji walirudi nyuma na sare zao nyeupe. Cletus akaagiza dawa ya kupulizia.

"Usiwaue, mwenyekiti," Nyamizi alisema. "Hawa wamehama, hawana nyumba ya kulinda. Nipe nusu saa."

"Misa inaanza sasa hivi, dada Nyamizi."

"Basi nyie anzeni kwa kuimba."

Nyumbani kwake hapakuwa mbali. Alirudi na ule mzinga wa sita na bomba la Lyamba la kufukizia nyuki moshi, kanga ameifunga kichwani. Kazi hiyo alikuwa ameitazama mara nyingi, hakuwahi kuifanya. Akauweka mzinga wazi chini ya rafu, akapuliza moshi kidogo, akaipiga rafu ngumi moja. Kundi zima likaporomoka ndani kama mahindi yanayomiminwa, na waliobaki wakaanza kulifuata wenyewe. Alipokuwa anafunika, nyuki mmoja akamuuma mdomo wa juu.

Bendi ilitoa vyombo na kuwahi wimbo wa sadaka. Mdomo wa Nyamizi ulikuwa umevimba kama kitumbua, hauwezi kupuliza kitu. Cletus akabeba besi yeye, akampa ngoma kubwa. Mwenyekiti alikosea noti nyingi mno, na Nyamizi akapiga ngoma huku akicheka kwa upande mmoja wa uso.

Wiki ile alikwangua nta yote kwenye mbao akazipaka rangi ya mafuta. Nyuki alikwenda nao nyumbani, akauweka mzinga wao nyuma ya jiko, na alizoea kuwapitia kila asubuhi kabla hajawasha moto.

Kati ya wageni wa sherehe alikuwamo Leonidas, mwalimu wa kwaya kutoka Mwese. Naye alikuwa na magitaa matatu na kinanda vilivyolala sakafuni, akamuuliza kama angekubali kuwatengenezea kichanja.

"Mbao mpya lakini," mwalimu alisema.

Nyamizi alikubali. Mvua zilipopungua alipanda bodaboda kwenda Mwese, milimani, msumeno umefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Alikaa siku nne, na kila jioni wanakwaya walimletea maharage na ugali, kisha wakabaki kumwimbia hadi alipomaliza kula.